Siku Tuliyoufagia Msitu

Notburga alipewa jina lake na padre Mjerumani aliyekuwa na haraka. Baba yake alikuwa ameandaa jina la bibi mmoja wa ukoo, lakini padre alifungua kalenda ya watakatifu, akatazama tarehe, na suala likaishia hapo. Mtakatifu Notburga, kwa wasiomfahamu, alikuwa mtumishi wa nyumbani katika milima ya Tiroli, na kwenye picha huonekana ameshika mundu. Wa kwetu alishika fagio. Tofauti nyingine ni kwamba yule wa kwanza, kama inavyosimuliwa, aliweka mundu chini kila saa ya ibada ilipofika. Wa kwetu alifagia hata Ijumaa Kuu.

Kijiji chetu kiko nje ya mji wa Songea, nyuma ya Ruhuwiko, pale ambapo bodaboda wa Mfaranyaki huanza kuilaumu barabara. Uwanja wa nyumba hapa hufagiwa kila asubuhi mpaka udongo ung'ae. Sababu zipo: nyoka aonekane mapema, nyayo za mgeni asiyealikwa zisomeke, na mama mkwe akose la kusema. Notburga alipoletwa kwa Makarius akiwa bibi harusi, mama mkwe alimkabidhi fagio kabla ya sufuria, kisha akaketi kibarazani kutazama. Inasemekana alikufa miaka mingi baadaye akiwa bado anatafuta jani. Kuku wa nyumba hiyo walitembea kwa kunyata. Odilia, dada wa Makarius, anayeishi nyumba ya pili na ambaye kazi yake duniani ni kumtania wifi yake, alizoea kusema kwamba hata mparachichi wa Notburga huomba ruhusa kabla ya kudondosha jani.

Kwa hiyo mtu ambaye angetabiri, miaka mitatu iliyopita, kwamba ipo siku uwanja huo utafunikwa na majani hadi kwenye vifundo vya miguu, angepelekwa kuombewa.

Jambo lenyewe lilianzia kilimani. Zamani tulikuwa na vilima viwili vyenye msitu, na kila kimoja kilikuwa na kijito chake. Kilima cha kwanza kililimwa tumbaku. Miti iliyokuwa juu yake ilikwenda kwenye mabani, vile vibanda vya kukaushia tumbaku kwa moto, ambavyo hula kuni kama vile vimelipiwa kula. Kijito kikafa. Kilikufa kwa adabu, kidogo kidogo, kama mgonjwa asiyetaka kusumbua watu, na wakati huo Notburga alikuwa na watoto wadogo na ndoo kichwani. Makarius alipofariki, aliacha mke aliyejua mambo mawili kwa hakika: jinsi ya kufagia, na maji yanavyokuwa yakiondoka.

Kilima cha pili, Lipembe, bado kina msitu, na chini yake kijito cha Lumeka bado kinatiririka. Wakulima wa tumbaku walikitaka. Walitaka kigawanywe mashamba, na mwenyekiti wa kijiji, Ramson, hakuona ubaya. Ramson si mtu mbaya. Ni mtoto wa mdogo wake Notburga, humwita mama mkubwa na humheshimu sana, isipokuwa pale wanapotofautiana, ambapo humheshimu kwa sauti kubwa zaidi.

Ndipo akaja Leonce. Alikuwa kijana wa kutoka Kagera, mtaalamu wa misitu katika shirika moja dogo lenye ofisi mjini Songea, na alileta kwenye mkutano wa kijiji habari iliyotushtua wote: kwamba msitu wa Lipembe una kazi.

Mti, alisema, hujijenga kwa hewa. Jani huvuta ile hewa ukaa inayotoka kwenye magari, viwanda na moto, huichanganya na maji kwa nguvu ya jua, na mti hujijengea mwili. Ukikausha mti na kuupima, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni iliyokuwa ikielea angani. Ikibaki ndani ya mti, haiipi dunia joto wala haivurugi mvua. Mti ukichomwa, inarudi ilikotoka.

"Kwa hiyo kuni zangu ni hewa?" aliuliza Odilia.

"Ni hewa iliyotulia, mama."

"Ndiyo maana haziwaki."

Ramson akainua mkono. "Ngoja, bwana mtaalamu. Waliochafua hewa ni wenye viwanda. Sisi hapa tuna mashine moja ya kusaga. Halafu sisi ndio tunaombwa tuwatunzie uchafu wao kwenye miti yetu. Hii ni sawa na jirani ambaye mbuzi wake amekula mahindi yangu, halafu anakuja kuniomba nimfungie mbuzi huyohuyo zizini kwangu."

Tulitazamia Leonce akasirike. "Ni hivyo hivyo, mwenyekiti," alijibu. "Ila ukimwachia, atakula tena."

Akaeleza kwamba wapimaji watakuja baada ya mwezi. Msitu ukikubaliwa, kijiji kitaingia mkataba wa kuulinda, na hakuna atakayeweza kuugawa. Miti isikatwe, moto usiingie msituni. Halafu akaongeza, wakati watu wameshaanza kusimama na mashine ya kusaga imeshawashwa, kwamba msitu si mashina tu: udongo, majani yaliyoanguka na magogo yaliyolala nayo hushika kaboni. Ramson akafupisha kwa faida ya waliokaa nyuma. Kufupisha ni kazi ngumu, na kila anayefupisha hutupa kitu. Yeye alitupa udongo, majani na magogo.

"Mtaalamu anasema hivi: wageni wanakuja kuutazama msitu wetu. Uwe katika hali nzuri!"

Notburga akasimama. "Niachieni mimi. Wageni wataukuta katika hali nzuri. Wasipoukubali, gaweni kilima, sitasema neno."

Kila aliyesoma shule ya msingi katika nchi hii anajua mgeni ni nini. Mgeni akitangazwa, majani hufyekwa, mawe hupangwa na shina la kila mti hupakwa chokaa. Hatujui nani alianza. Tunajua tu kwamba hakuna mgeni aliyewahi kulalamika.

Notburga alikuwa kiongozi wa jumuiya ndogondogo, na jumuiya ilimfuata kilimani kama jeshi. Mwanne, muuza maandazi, akaja na wanawake wenzake wa upande wa msikitini, akisema kwamba usafi ni sehemu ya imani na hakuona sababu ya kuwaachia Wakatoliki peke yao. Vijana walifyeka kila kilichokuwa chini ya kiuno. Magogo yaliyooza yalibebwa hadi kwenye tanuru la matofali la Aidan. Wanawake walishika mafagio na kuanza juu ya kilima wakishuka, mstari kwa mstari, na ardhi ya Lipembe, ambayo pengine haikuwahi kuonekana tangu iumbwe, ikaonekana. Ilikuwa nyekundu na ilionekana kuona aibu.

Majani yalikuwa mengi kupita kiasi. Notburga alikumbuka agizo: moto usiingie msituni. Haukuingia. Majani yalitolewa kwa matenga hadi barabarani, yakachomwa huko, na moshi wake ulionekana hadi Ruhuwiko.

Siku ya wapimaji, Leonce, aliyewatangulia wenzake, alishuka kwenye pikipiki akakuta njia ya kilimani imepangwa mawe meupe. Hilo lilimfanya atabasamu. Kisha akaingia msituni, na tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. Kila mti ulikuwa umepakwa chokaa hadi usawa wa kifua. Chini hapakuwa na jani. Palikuwa na mistari ya fagio, safi, imelala kama mifupa ya samaki, mpaka macho yalipoishia.

"Amefurahi mpaka amekosa maneno," alinong'ona Odilia.

"Shikamoo, mama," Leonce alisema mwishowe.

"Marahaba, mwanangu. Umeonaje? Tumejitahidi."

"Mama, majani yako wapi?"

"Majani gani?"

"Yaliyokuwa chini."

"Ule uchafu? Tumeutoa wote!"

"Na magogo?"

"Yamechoma matofali ya Aidan. Yametoka mazuri, ukiyagonga yanalia."

"Na miche? Ile miti midogo?"

"Vichaka? Vijana wamefyeka." Hapo sauti ya Notburga ilianza kupungua. Alikuwa amelea watoto, na aliijua sura ya mtu anayejizuia.

Leonce akaketi juu ya jiwe jeupe. Suruali yake ilikuwa nyeusi, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu, wala siku nzima hakuna aliyemwambia. Akaeleza upya, polepole, safari hii bila mashine ya kusaga. Magogo yaliyolala hukaa na kaboni yake miaka mingi. Majani huoza, na sehemu yake hushuka na kuwa udongo, na katika misitu kama hii yetu kilichoko chini ya ardhi mara nyingi ni kingi kuliko kilichosimama juu. Udongo ukivuliwa nguo, mvua huubeba. Na ile miche iliyofyekwa ndiyo ingekuwa msitu wakati miti hii mikubwa imezeeka.

Notburga alisikiliza hadi mwisho.

"Ule moshi wa majani tuliyochoma Jumamosi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo hiyo hewa yenyewe."

"Ndiyo."

"Tumeirudisha."

Odilia alitazama pembeni. Tuliokuwepo tulisimama na mafagio yetu kama watu waliokamatwa na ngozi ya ng'ombe wa jirani.

Leonce alitupa njia moja. Hakuweza kuandika kwamba msitu uko sawa, lakini angeweza kuandika kwamba upimwe tena mwaka unaofuata. Mizizi ya miyombo, miti ya msitu huu, haifi kwa fyekeo. Itachipua, na majani yataanguka tena, ili mradi asiguse mtu. Asichukue gogo, asifyeke, na, tafadhali, asifagie. Kijiji kikubali kusubiri.

Mkutano ukaitwa. Wakulima wa tumbaku walikuja mapema na kukaa mbele, kama wafiwa.

"Mama mkubwa," Ramson alianza kwa heshima ya sauti kubwa, "ulisema mwenyewe: wasipoukubali, tugawe. Mimi sina ugomvi. Ila tujijue. Kijiji hiki hakiwezi kuacha kitu. Tukiona jani tunafagia, tukiona gogo tunapika, tukiona nyoka tunapiga. Nani hapa anaweza kukaa mwaka mzima asiguse?"

"Mimi," alisema Notburga.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Akangoja wamalize.

"Kuanzia kesho sifagii uwanja wangu. Hamna haja ya kupanda kilimani kuchunguza, piteni kwangu. Mkiona mimi nimeshindwa, basi na ninyi mmeshindwa, gaweni. Mkiona nimeweza, kuna nani atakayeniambia kwamba yeye hawezi?"

Tulitazamana kama siku padre anapotangaza kwamba ndoa fulani imezuiliwa. Hata wakulima wa tumbaku walishtuka. Mmoja alimwambia jirani yake kwamba sasa mambo yamefika pabaya.

"Wifi," Odilia alisema, "si afadhali uahidi kufunga kula?"

"Kula naweza kuacha."

Mkutano ukakubali kusubiri, na sababu kubwa, tuseme ukweli, ilikuwa hamu ya kuona atashindwa lini.

Fagio lilikabidhiwa kwa Odilia alifiche. Alilificha vizuri na kumweleza kila mtu lilipo. Asubuhi za kwanza Notburga alitoka alfajiri kama kawaida, akasimama mlangoni mikono nyuma, akatazama mparachichi ukifanya ulivyotaka. Katekista alikuja kuuliza kama anaumwa. Ndugu mmoja alipita akielekea Lusewa, na huko Lusewa ikajulikana kwamba Notburga amerukwa na akili, maskini, na alikuwa mwanamke msafi. Majani yalijaa, yakaloa, yakakauka, yakaanza kutoa sauti mtu akipita.

"Wifi, kuna nyoka kwenye majani yako!" Odilia alipiga kelele siku moja kutoka uani kwake.

"Mwambie asubiri wapimaji."

Ramson alipita kila asubuhi akielekea ofisini, akinyoosha shingo. Hakuona alama ya fagio. Na kilimani, kwa kuwa kila mtu alikuwa akimlinda Notburga, hakuna aliyepata nafasi ya kwenda kuiba gogo.

Kilichokaribia kumshinda ni posa. Mjukuu wake, Careen, alipata mchumba wa familia inayojiheshimu kutoka Mfaranyaki, na wakwe wakatuma salamu kwamba wanakuja rasmi. Wakwe huja kwa macho kabla ya kuja kwa miguu, na cha kwanza wanachotazama ni uwanja.

"Bibi, siku moja tu," Careen aliomba akilia. "Nitaachwa kabla sijaolewa."

"Wakikuacha kwa sababu ya majani, mjukuu wangu, wangekuja kukuacha kwa sababu ya mvi."

Alisema hivyo, lakini Odilia alimkuta baadaye amekaa jikoni, ameshika ufito mmoja wa fagio kati ya vidole, anauzungusha. Odilia, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, hakutania. Aliuchukua ule ufito akautia motoni, kisha akakumbuka kwamba hiyo nayo ni hewa, akautoa.

Siku ikafika. Ramson, kama msemaji wa ukoo, alivaa koti na kusimama uwanjani kupokea wageni, viatu vyake vimezama. Wakwe waliingia wakiwa wamevaa vizuri na wanacheka. Kisha wakaona uwanja. Mshenga akavua kofia. Wanawake walioongozana naye wakashusha vitenge mabegani, na mmoja akaanza kulia taratibu.

Kwetu uwanja huachwa bila kufagiwa kwa sababu moja tu: kuna maiti, au ametoka kuzikwa.

"Poleni sana, ndugu zetu," alisema mshenga. "Hatukupata taarifa. Ni nani?"

Ramson alifungua mdomo. Nyuma yake dirishani Careen alikuwa amefumba macho. Notburga alisimama mlangoni, mikono nyuma. Ilikuwa zamu ya mwenyekiti, na mwenyekiti alijua kwamba akisema bibi huyu ni mkaidi, posa imekufa.

"Hakuna msiba," alisema Ramson. "Hapa... tunatunza hewa."

Mshenga alirudisha kofia kichwani, kisha akaivua tena.

Basi Ramson akaeleza. Alianza kwa kuyumba, lakini yeye ni mwanasiasa, na akishapata wasikilizaji hasimami. Aliwaambia jani huvuta nini na mti hujengwa kwa nini. Aliwaambia kuhusu udongo, majani na magogo, yale yote aliyoyatupa siku ile, akayaokota moja moja mbele ya wakwe. Akawaeleza habari ya mbuzi wa jirani, na akamalizia mwenyewe, kana kwamba ni lake: ukimwachia atakula tena. Aliwaonyesha kilima cha Lipembe kwa kidole. "Ule msitu," alisema, akiwa amejisahau kabisa, "kijiji hiki kitaulinda hadi wajukuu wa hawa watoto."

Mshenga akavaa kofia yake. "Familia inayoweza kutimiza ahadi ngumu namna hii," alisema, "tutailipia mahari bila wasiwasi." Wakaingia ndani, wakikanyaga kwa makini.

Mtu anaweza kukana alichosema kwenye mkutano wa kijiji. Wengi hufanya hivyo na huchaguliwa tena. Alichowaambia wakwe hawezi kukikana. Wakulima wa tumbaku walipomfuata Ramson wiki hiyo kumkumbusha mashamba, aliwajibu kwa uchungu kwamba hawezi kuukata msitu alioutumia kumwozesha Careen.

Leonce alirudi majani yalipoanguka tena. Chokaa ilikuwa imeoshwa na mvua na kubaki kama kumbukumbu ya homa. Aliweka chini fremu ya mbao ya kupimia, akakusanya majani yaliyokuwa ndani yake, akayapima. Kwenye visiki vya miche iliyofyekwa yalisimama machipukizi yenye majani mekundu. Magogo hayakuwa yamerudi, magogo hayarudi kwa mwaka mmoja, na Leonce aliliandika hilo bila kulipamba. Kisha akashuka, akamkuta Notburga kwenye uwanja wake. Akautazama, na safari hii mshtuko wake ulikuwa wa aina nyingine.

"Mama, hapa kwako kuna majani mengi kuliko kilimani."

"Nilisikia unayapenda. Sema kilichokuleta."

"Msitu umekubaliwa. Mwenyekiti ameshatia saini."

Notburga hakupiga kigelegele. Aligeuka kuelekea nyumba ya pili. "Odilia! Leta fagio langu."

Kijiji kizima kilikuwa kimefika kabla fagio halijafika. Mwanne aliacha maandazi kwenye mafuta. Notburga akafunga kitenge kiunoni, akainama, akaanza mlangoni kama alivyoanza siku ile mbele ya mama mkwe, na udongo ukaanza kutoka, mwekundu, ukinuka mvua ya zamani. Alifagia bila kuinua kichwa. Alipofika karibu na kibaraza, fagio likasimama.

Katikati ya majani kulikuwa na mche wa msuku, mti wa matunda pori, mrefu kama kiganja. Lazima ilikuwa ni mbegu iliyotemwa na mtoto msimu wa masuku, ambayo mwaka mwingine wowote isingemaliza asubuhi. Majani yake mapana yalikuwa yameshaanza kuvuta hewa ya kijiji, bila kumwomba mtu ruhusa.

Notburga aliutazama. Sisi tulimtazama yeye. Kisha akauzunguka, polepole, akiacha duara la majani makavu shinani pake, akaendelea kufagia hadi barabarani.

"Wifi," alisema Odilia, akionyesha kwa kidevu, "pale umebakiza."

"Nimeona."